Mjadala: Foleni ya Ubungo iliondolewa na nini, na nani alipima?

Mtoto wa Kimara (mwanzisha mada)

Wadau, naomba tulijadili hili bila kuligeuza la chama.

Februari 2021 makutano ya Ubungo yalizinduliwa na kupewa jina la Kijazi. Barabara za ghorofa tatu, pale zinapokutana Morogoro, Mandela na Sam Nujoma. Waliokuwepo Dar kabla ya hapo wanayakumbuka mataa ya Ubungo. Ungeweza kununua karanga, maji, chaja ya simu na ramani ya Afrika bila kuinuka kwenye kiti, na kazini ukafika umechelewa vilevile. Leo unapita juu unaongea na simu, ukija kushtuka uko Shekilango.

Swali langu: ile foleni iliondolewa na nini? Usinijibu haraka kwamba ni daraja. Februari ileile kituo cha mabasi ya mikoani kilizinduliwa kule Mbezi Luis. Mabasi ya Mwanza, Arusha na Mbeya, pamoja na teksi, bajaji, mikokoteni na ndugu waliokuja kusindikiza, vyote vikahama Ubungo. Na huku juu barabara ya kutoka Kimara kwenda Kibaha ilikuwa inapanuliwa kuwa ya njia 8. Mgonjwa kameza vidonge vitatu kwa glasi moja ya maji, kapona, na sasa kila mwenye duka la dawa anadai ni chake.

Hoja yangu ninayotaka mnipinge: mradi wowote wa kupunguza foleni mjini usipewe fedha za awamu inayofuata mpaka awamu iliyotangulia iwe imepimwa. Ipimwe kwa hesabu zilizochukuliwa KABLA ya ujenzi, zikabandikwa mahali mtu wa kawaida anaweza kuzisoma, halafu wahesabuji warudi baada ya mwaka, na warudi tena baadaye. Uingereza mamlaka yao ya barabara kuu hurudi mwaka 1 baada ya kufungua mradi mkubwa, na tena mwaka wa 5. Sisi tunarudi siku ya kukata utepe.

Kuhesabu najua kunafanyika, maana nimewahi kuhesabu. Nikiwa nasubiri ajira nilichukuliwa kibarua kwenye makutano fulani hapa mjini. Siku tatu chini ya mwembe, na karatasi yenye safu: gari dogo, daladala, basi kubwa, lori, pikipiki, bajaji. Vijiti vinne, cha tano unakikatisha. Kila dakika 15 unaanza mstari mpya. Safu ya waenda kwa miguu haikuwepo, na wao ndio waliokuwa wengi kuliko vyote pale. Nilipomuuliza msimamizi alisema hawamo kwenye mkataba. Makutano yalijengwa. Ripoti sijaiona mpaka leo.

Suka wa Mbagala

Dogo umegusa penyewe. Mimi niko kwenye usukani miaka mingi, na foleni ninavyoijua haifi, inahama nyumba.

Pale makutano ya Tazara walipofungua ile barabara ya juu, Septemba 2018, nilikuwa napiga Gongo la Mboto–Posta. Raha! Unapaa juu, chini ya dakika umevuka pale ulipokuwa unakaa mpaka abiria wanaanza kutukanana. Halafu unafika Chang'ombe VETA, unakuta wenzako wote waliopaa kabla yako wamepaki. Dakika ulizookoa Tazara unazirudisha VETA, na konda anakuangalia kama umemuibia. Mpaka baadaye VETA nako kukawekwa ya juu, kwenye mradi wa mwendokasi ya Mbagala, yale mabasi yenye njia yao peke yao.

Sasa anayekuja kupima na saa yake akisimama Tazara peke yake ataandika mradi umefaulu, na hatakuwa amedanganya. Aje apande na mimi mwanzo wa ruti mpaka mwisho.

Tena kuna jingine. Ile ya juu inafuata Nyerere Road. Anayetoka Buguruni kwa Mandela Road kwenda Uhasibu yeye bado yuko chini kwenye mataa. Na mataa yenyewe mnayajua: taa inasema kijani, trafiki kanyoosha mkono anasema subiri. Unayemsikiliza ni trafiki. Kwa hiyo hapo unapima barabara au unapima askari wa zamu ya asubuhi?

Njagu Mstaarabu

Tathmini = semina Bagamoyo + posho + soda mbili. Tuendelee na maisha.

Mhandisi Mstaafu

Kijana, mada nzuri, lakini hoja yako ya kuzuia fedha siikubali, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza, si kweli kwamba hakuna anayepima. Tazara ilijengwa kwa msaada wa Japani kupitia JICA, shirika lao la misaada, na wale wana utaratibu wa kurudi kwenye miradi yao miaka kadhaa baada ya kukamilika na kuipa daraja, kuanzia A mpaka D. Ubungo ni fedha ya Benki ya Dunia, na benki nayo huandika ripoti ya kufunga kila mradi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua na ufanisi pia, haishii kwenye risiti tu. Ripoti hizi ziko hadharani. Tatizo ni kwamba nyingi zimeandikwa Kiingereza cha wataalamu, kurasa mia, na zinamjibu aliyetoa fedha. Swali lake huwa "fedha zetu zilifanya tulichoandika kwenye mkataba?" Swali la mama wa Buguruni ni jingine kabisa.

Pili, kabla-na-baada peke yake ni hesabu ya hatari. Sensa ya 2012 ilikuta Dar es Salaam watu milioni 4.36. Ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Milioni nzima na zaidi imeongezeka ndani ya miaka 10, na wengine wamekuja na pikipiki zao. Ukipima makutano leo ukakuta foleni iko vilevile kama 2015, wewe utaandika "mradi umeshindwa". Mimi nitakuuliza: bila mradi ingekuwaje? Kulijibu hilo unatafuta barabara inayofanana na hiyo ambayo haikuguswa, unazipima zote mbili kwa wakati mmoja, na tofauti ya mabadiliko yao ndiyo kazi ya mradi. Na uzipime Jumanne mpaka Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa, nje ya Ramadhani, nje ya masika. Nimeona hesabu ya "kabla" iliyochukuliwa Machi na ya "baada" iliyochukuliwa Desemba wanafunzi wako likizo. Matokeo yalipendeza sana.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Miradi hii ni mtandao. Awamu ya kwanza ya mwendokasi ni kilomita 20.9. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto haimfai kitu mpaka awamu yake iungane na ile ya Kimara. Ukisimamisha awamu ya pili na ya tatu ili uipime ya kwanza, unalipima jiko la mafiga matatu kwa kuweka figa moja. Sufuria lazima lianguke. Na mkandarasi akikaa bila kazi huwa anadai.

Mtoto wa Kimara

Mzee shikamoo, na asante. La mafiga nimelielewa, lakini figa lenyewe tulilikagua?

Mwendokasi ilianza Mei 2016 na mabasi 140. Njia ilikuwepo, mabasi hayakutosha, na daladala za Morogoro Road zilikuwa zimeondolewa. Kwa hiyo foleni ilitoka barabarani ikapanda ngazi za kituo. Basi likishaondoka Kimara linakimbia kweli, dakika kama 45 uko Kivukoni, na hiyo 45 ndiyo inayosomwa kwenye kila hotuba. Ila mimi nimesimama Kimara Mwisho saa nzima nikisubiri hilo basi la dakika 45. Safari yangu ni saa moja na dakika 45, mzee. Mimi hesabu yangu inaanzia mlangoni nilipofunga kufuli.

Na karakana ikawekwa Jangwani. Jangwani! Mto Msimbazi ulipojaa mabasi yalioga mpaka madirishani na barabara ikafungwa. Mwaka huu hivi, mwaka uliofuata hivi. Mpimaji aliyefika kiangazi hataliona hilo.

Kumbukeni mwaka 2018 jiji letu ndilo lililoshika tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika, kwa sababu ya hiyohiyo mwendokasi. Siikatai tuzo. Mradi ulistahili sifa ukiulinganisha na tulikotoka. Ila ndiyo inaonyesha kwamba aliyepima kwa kuangalia njia na vituo, na aliyepima kwa kusimama kituoni saa moja asubuhi, wanaweza kurudi na majibu mawili na wote wakawa wakweli.

Mama wa Stop Over

Naomba na mimi niseme, ingawa nyie mnaongea ya wasomi.

2017 nyumba za kandokando ya Morogoro Road, Kimara mpaka Kiluvya, zilipigwa X nyekundu zikabomolewa kupisha barabara. Yetu ikiwemo. Nilikuwa na genge mbele ya nyumba. Kutoka kitandani mpaka biasharani hatua kumi, na watoto walikuwa wanatembea kwenda shule. Sasa tuko Kibamba ndani, huko ambako bodaboda anakuuliza mara mbili kama una uhakika. Kufika sokoni Mabibo kuchukua mzigo natoka saa kumi usiku.

Barabara ni nzuri, sisemi. Wanaotoka Kibaha na magari yao wanafurahi, na mtu akija kupima atahesabu dakika walizookoa. Safari yangu mimi imerefuka kwa ajili ya barabara iliyofupisha safari za wenzangu. Mwanangu wewe uliyehesabu chini ya mwembe, mimi ningekuwa safu gani kwenye karatasi yako?

Mtoto wa Kimara

Mama, hakuna safu. Pole sana.

Suka wa Mbagala

Mama pole. Na sisi daladala tulioondolewa hatuna safu. Ruti ikifutwa gari halikuhesabiwa limekwenda wapi. Limekwenda kujaza foleni ya ruti nyingine, ndiko lilikokwenda.

Jirani wa Nairobi

Habari zenu majirani. Nimesoma yote hapa na nacheka kwa uchungu, kwa sababu sisi tuna Expressway. Kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa Mei 2022. Ukilipa ushuru unapita juu kama ndege. Usipolipa uko chini kwa matatu, unaangalia nguzo.

Sasa mtu akichukua wastani wa mwendo wa wote, wa juu na wa chini, atapata namba nzuri. Lakini hiyo namba haina mtu anayeishi ndani yake. Hakuna abiria anayesafiri kwa wastani. Hapa kwetu mimi ningetaka namba mbili: ya aliyelipa, na ya yule mama wa Imara Daima ambaye matatu yake haipandi juu. Na ningetaka kujua wakati wa ujenzi, wale waliotembea kwenye vumbi na matope Mombasa Road nzima, siku zao ziliandikwa kwa hasara ya nani.

Tena sisi tumefanya majaribio bila kupima mpaka tumechoka. 2018 Thika Road ilichorwa mstari mwekundu, njia ya mabasi ya kasi. Rangi ilikuja, mabasi hayakuja. Desemba mwaka huohuo matatu zikapigwa marufuku kuingia katikati ya jiji. Watu wakatembea, wazee, wajawazito, na marufuku ikaondolewa karibu mara moja. Ukiuliza leo ile siku ilitufunza nini, hakuna hata karatasi moja. Mimi naunga mkono kijana: pima kwanza.

Mbongo wa Stockholm

Shikamooni wakubwa. Niko huku Sweden na kuna kitu cha hapa kinalijibu moja kwa moja lile swali la vidonge vitatu.

Mwaka 2006 Stockholm walijaribu kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji. Jaribio lilikuwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha: Januari 3 mpaka Julai 31. Baada ya hapo tozo ilizimwa, na Septemba wananchi wakapiga kura. Lakini angalieni utaratibu. Walijua kwamba wanataka kuongeza mabasi NA kuanzisha tozo. Wangeviwasha pamoja, wasingejua kipi kimefanya kazi. Kwa hiyo mabasi ya ziada yalianza Agosti 2005, miezi kadhaa mapema, na wakahesabu. Magari hayakupungua kwa maana yoyote. Januari tozo ikaanza, wakahesabu tena: magari yanayovuka mpaka wa katikati ya jiji yakapungua kama moja ya tano. Julai ikazimwa, wakahesabu tena, magari mengi yakarudi.

Kabla ya jaribio wengi walikuwa hawaitaki. Baada ya kuona kwa macho, wakazi wa jiji waliosema ndiyo wakazidi nusu kidogo. Agosti 2007 ikawa ya kudumu.

Kwa Ubungo ingekuwa hivi tu: hamisha stendi, subiri miezi mitatu, hesabu. Halafu fungua daraja, hesabu. Gharama ya kusubiri miezi mitatu ni ipi?

Njagu Mstaarabu

Gharama yake ni kwamba kuna uzinduzi mmoja badala ya miwili. Hapana, ngoja, ingekuwa miwili! Hii wataipenda.

Suka wa Mbagala

Kaka wa Stockholm, huko mna treni chini ya ardhi, mtu akikataa kulipa anashuka chini. Sisi aliyekataa anashuka wapi, mtaroni?

Mbongo wa Stockholm

Kweli kabisa, na sisemi tozo ije Dar. Nazungumzia mpangilio wa tarehe.

Mhandisi Mstaafu

Huyu wa Stockholm amenigusa. Suala la kupanga tarehe za kuwasha vitu halihitaji hata shilingi, linahitaji mtu mmoja mezani anayeuliza "tutajuaje?" kabla kalenda haijafungwa. Katika vikao nilivyowahi kukaa swali hilo lilikuja wakati wa kuandika ripoti, na hapo maji yameshamwagika.

Bado sikubali kuzuia awamu. Ila nitakupa cha kati. Kila mkataba wa ujenzi una kipindi cha matazamio, ambapo sehemu ya fedha ya mkandarasi inashikiliwa mpaka kasoro zirekebishwe. Mhandisi mshauri bado yupo kazini, ofisi ipo, gari lipo. Weka humohumo hesabu ya magari na watu ya mwisho wa matazamio, kwa fomu ileile na siku zilezile za hesabu ya kwanza. Hesabu ya kwanza isipobandikwa hadharani, mkataba usisainiwe. Awamu nyingine ziendelee.

Mtoto wa Kimara

Mzee, tumekaribiana lakini hatujakutana. Unataka anayehesabu awe chini ya mkataba uleule wa anayejenga. Mimi nimekaa chini ya mwembe ule. Msimamizi wangu aliyesema "hawamo kwenye mkataba" hakuwa mtu mbaya, alikuwa anamtumikia aliyemlipa. Fedha ya kuhesabu ikae kwingine: chuo kikuu, ofisi ya takwimu, popote pasipo na lami.

Na kuhusu kuzuia awamu, nakubali nilirukia juu mno. Nasema hivi sasa: awamu iendelee, ila mchoro wake ubadilike kwa kilichoonekana. Karakana moja ilikuwa ndani ya maji, kwa hiyo kabla ya kuchagua kiwanja cha karakana nyingine nionyesheni karatasi inayosema tuliona nini Jangwani. Mabasi hayakutosha, kwa hiyo nionyesheni idadi ya mabasi imesainiwa na nani kabla zege halijamwagwa. Hiyo ndiyo tathmini ninayoitaka. Hizo daraja A na D waachie Wajapani.

Mhandisi Mstaafu

Chuo kikuu nako kuna siasa zake, kijana, nimefundisha muda. Lakini sawa.

Mama wa Stop Over

Sasa mnakubaliana wenyewe kwa wenyewe na mimi safu yangu iko wapi?

Mtoto wa Kimara

Mama, tuifanye. Jumanne ijayo naenda Kimara Mwisho, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu. Sihesabu magari. Namuuliza mtu anayeingia foleni ya tiketi mambo matatu: umetoka nyumbani saa ngapi, umetokea wapi, na 2016 ulikuwa unaishi wapi. Halafu naandika saa aliyopanda basi. Nahitaji watu wanne. Haitakuwa ripoti ya kumpeleka mtu mahakamani, nafahamu, maana "kabla" yake hatuna. Ila itakuwa "kabla" ya chochote kinachokuja.

Suka wa Mbagala

Jumanne asubuhi gari liko gereji. Nakuja. Ongeza swali: nauli jumla, na bodaboda ya kutoka ndani iwemo.

Mhandisi Mstaafu

Nitumie fomu niiangalie kabla hujapiga kopi. Na usiulize kila mtu utakayemuona, utaishia kuwauliza wenye sura za upole. Uliza kila wa kumi.

Mama wa Stop Over

Mimi nitakuwa napita hapo saa kumi na moja na nusu na mzigo wangu. Nitawasubiri mniulize wa kwanza.

Njagu Mstaarabu

Posho?

Mtoto wa Kimara

Chai na chapati mbili, najitegemea.

Njagu Mstaarabu

Nipo. Na mvua ikinyesha?

Mtoto wa Kimara

Tunaandika ilianza saa ngapi.